Paka ya Mama Feza

Jumanne. Mvua inanyesha tangu asubuhi, ziwa hata halionekani. Nimejifungia ndani, na si sababu ya mvua. Ninaogopa kukutana na Mama Feza hapo uani.

Mama Feza alikimbia vita huko Kiambi. Alitembea siku nyingi kwa miguu, na paka yake dume, Shefu, ndani ya kitunga. Nilimupa chumba cha nyuma katika parseli yangu, kiwanja ninachokaa, majirani wakanisifu. Nilipenda kusifiwa, nisidanganye.

Lakini yule Shefu, ee Mungu wangu! Anakojolea kila kitu. Juma iliyopita alikojolea samaki zangu za ndagala nilizoanika. Hasira ikanipanda. Mama Feza alikuwa ameenda kupokea chakula cha wakimbizi. Nikamukamata Shefu, nikamutia katika mufuko, mbio mpaka kwa veterineri, munganga wa wanyama. Aliniuliza kama paka ni yangu. Nikajibu ndiyo, bila hata haya. Akamuchoma sindano ya usingizi, akamuhasi.

Mama Feza aliporudi, nilimwambia Shefu alikuwa na jipu, nimemupeleka kutibiwa. Alinishukuru karibu alie. Jioni akaniletea sahani ya mboga ya sombe.

Nikaila yote.

Jana njo nilielewa nilichofanya. Mama mumoja wa kambi ya wakimbizi alikuja na paka jike, apandwe na Shefu. Kule kambini panya wanamaliza unga, kila muntu anatafuta paka, na kwa desturi mwenye dume anapewa mutoto mumoja wa kila uzazi. Mama Feza alikuwa amekwisha kupanga: wa kwanza atamubadilisha na jembe, wa pili na miche ya muhogo, aanze kulima tena. Alikuwa anacheka. Sijamuonaga akicheka vile.

Nikasema ukweli palepale, mbele ya mugeni.

Hakupiga kelele. Akasema: "Mama Neema, kule kwetu walituchukuliaga vitu bila kutuuliza. Na wewe pia?"

Na mimi pia.

Leo asubuhi nimekuta blanketi niliyomupa imekunjwa vizuri mbele ya mulango wangu. Nimelia kama mutoto.

Nina jembe moja. Mvua ikikatika, nitaenda kugonga kwake. Sitaenda nalo mukononi. Nitamuuliza kwanza kama atakubali kulipokea kwangu, na akikataa, nitarudi nimenyamaza.