Ukumbi wa Chuo Kabla Haujavunjwa

Kaka yangu Twiga,

Huku sote wazima, ila Baba siku hizi anasahau sana. Ukumbi wa mpira wa kikapu wa chuo chenu unavunjwa, basi jana nilimpeleka akauage. Unakumbuka mabenchi ya mbao yalivyotetemeka watu wakipiga miguu, harufu ya jasho na bisi, na sisi sauti zimetukauka kwa kukushangilia? Jana palikuwa kimya. Ghafla Baba akasimama, akapaza sauti: "Twiga, rusha!" Akangoja. Kisha akaniuliza, "Mwanangu mbona haingii uwanjani?"

Tangu mlipokosana, hajawahi kukuita mwanangu. Nikamjibu kwamba uko njiani.

Tafadhali, kaka, usinifanye mwongo.

Ni mimi, mdogo wako wa kike.