Kunde Zangu Zimekosa Pumzi

Alhamisi, Jilore. Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini shati langu bado limelowa, na sasa ni jasho.

Nimechoka, tena sana.

Tajiri wangu, Mzee Charo, alinipa kipande cha ardhi nilime cha kwangu nikimaliza kazi yake. Nilichagua bondeni, kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Kwetu Bungoma bondeni ndiko kuzuri. Nduma husimama majini zikanawiri. Nikapanda kunde. Nikivuna, mke wangu Nekesa anakuja na watoto tuishi pamoja. Hilo ndilo linaloniamsha.

Sasa maji yametuama na majani yamegeuka manjano.

Jana Mama Kadzo, ambaye tunalima naye kwa Mzee, aling'oa shina moja na kupasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. Ndani kilikuwa cha kijani.

"Kingekuwa hai kingekuwa chekundu kama nyama," akasema.

"Mbona nduma hazifi majini?"

"Kwani hii ni nduma, shemeji? Nyinyi watu wa bara mtapanda hata muhogo baharini."

Nilicheka naye, lakini roho iliniuma. Nikampigia bwana shamba. Alinieleza kwamba bua la nduma lina nafasi nyingi ndani, na humo hewa hushuka kutoka majani hadi mizizi. Kunde haina njia pana kama hiyo. Vinundu vyake huvuta hewa ya udongoni kupitia vitundu vidogo vya ngozi. Hewa hiyo huvipa pumzi, na sehemu yake huigeuza kuwa chakula cha mmea. Maji yakijaa udongoni, hewa inapita kwa shida mno. Nikiyatoa mapema, mizizi yaweza kuota vinundu vipya.

Yaweza. Hakuniapia.

Mzee Charo naye amesema asipoona majani mabichi wiki ijayo, anaingiza mbuzi.

Basi leo, baada ya kazi yake, nimechimba mtaro upande wa chini. Maji yameanza kutoka, polepole, kama mtu asiyetaka kuhama. Viganja vimechubuka. Upande wa juu bado.

Nekesa amepiga simu kuuliza kama afunge mizigo. Sikutaka kumdanganya. Nimemwambia kunde zinakosa pumzi, nami nachimba, na sijui.



"Basi wewe chimba," akasema. "Mimi nitafunga polepole."

Kesho naanza upande wa juu.