Ng'ombe Waliobaki Mlali

Miyuji, Jumapili, 4 Agosti 1912

Thelathini na mmoja! Wote wamelala zizini mwangu leo. Siku tisa nimezunguka kwa marafiki wa marehemu baba, nikikusanya ng'ombe aliowaweka kwao—wawili hapa, watano pale. Wengine hawakufurahi. Mmoja aliniuliza amenikosea nini. Nikamjibu siku hizi mtu hutunza mali yake mwenyewe. Mimi mwalimu, hesabu naijua.

Mama amenuna. Wale wanne walioko Mlali kwa mzee Madeje, rafiki mwingine wa baba, amekataa wasiguswe. Ni wake yeye mama, anasema. Mama yangu Anyesi akishakaza shingo, basi tena.

Jumatano, 14 Agosti

Dume jeupe linatoka machozi, linahara. Nikasema vumbi. Mama akalifunua midomo, akasema sotoka, tauni ya ng'ombe, akaingia ndani.

Ijumaa, 23 Agosti

Kumi na tisa wamekufa. Bomani wamefunga njia zote za ng'ombe. Fisi wameshiba hata hawakimbii watu.

Jumanne, 27 Agosti

Amebaki ndama mmoja, naye hasimami. Na mke wangu Tereza, tangu augue homa, maziwa yamemkauka. Kefa wetu ana miezi minne. Uji anautapika. Leo hakulia kutwa nzima.

Ni mimi. Walikuwa salama kila mmoja kwake, nikawaleta wafe pamoja. Najichukia.

Nilimwambia mama naenda Mlali kuleta ng'ombe wa maziwa. Akanitazama weee.

"Umlete afie hapa? Ng'ombe haji, Methusela. Mtoto ndiye aende."

Alhamisi, 29 Agosti

Ndani ya gari la moshi. Tutashuka Gulwe, kisha miguu. Mama hajapata kulipanda. Ameketi sakafuni, macho kayafumba, kashika mguu wangu. Nimecheka, pamoja na hofu yote. Kefa anapumua.

Mlali, Jumamosi, 31 Agosti

Amekunywa!

Mzee Madeje hakungoja tumalize kusalimia. Alikamua mwenyewe. Mama akachemsha, akazimua kwa maji, akamnywesha kwa kijiko. Kijiko cha kwanza kilirudi. Cha pili kikakaa. Mchana alimaliza kikombe, akalala na tumbo kama ngoma! Tereza analia, anacheka, hajui ashike lipi.

Na wale wanne sasa ni saba. Wamezaa. Madeje anasema wote ni wetu, yeye maziwa aliyokunywa yanamtosha. Niliona haya hata kumshukuru.

Jumanne, 10 Septemba

Kefa ana mashavu. Lakini asubuhi imekuja habari: sotoka imeonekana mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Nilidhani watu watachanganyikiwa. Wapi! Mama na Madeje wameketi wanagawa ng'ombe—hawa kwa shemeji yake Madeje, hawa milimani, mmoja abaki kwa ajili ya mtoto. Majirani nao vivyo hivyo, kila mtu anafungua zizi. Kumbe hesabu ndiyo hii, na mwalimu mzima sikuijua.

Mimi nimepewa watatu. Niwapeleke milimani kwa mtu nisiyemfahamu, nipige hodi, nimwombe awapokee.

"Ukifika usijitie ualimu," mama ameniambia. "Omba."

Nitaomba. Hata kwa magoti. Madeje ananiita, jua linapanda, na huyu mtamba, mmoja wa watatu wangu, hataki kutulia niandike. Ndani Kefa analilia maziwa—makelele, nyumba nzima! Tereza wala hambembelezi. Amesimama tu mlangoni, anamsikiliza.