Upepo wa Ushetu na mawimbi ya Nkome

Jumanne, baada ya chakula

Leo nimezuia mtumbwi kwa mdomo. Mtumbwi uko Nkome, mimi niko hapa Ushetu, na sijanyanyua hata mguu.

Redio ilitangaza tangu asubuhi: upepo mkali, mawimbi makubwa ziwani. Jioni nikampigia Masanja, mvuvi wa huko Nkome niliyesoma naye mpaka la nne. Akasema anakwenda kuvua dagaa hivyo hivyo, redio inatisha watu bure. Nikaogopa. Lakini Masanja ukimkataza ndiyo umemsukuma.

Nikamwambia, "Nenda tu, nkoi, rafiki yangu. Upepo wenu ni wa kupozea uji. Huku kwetu tambarare hauna mlima wa kuuzuia. Mwaka ule ulibeba bani langu la kukaushia tumbaku, ukaliweka kwa jirani, moshi bado unatoka!"

"Mwongo wewe! Huko kwenu mtu akipanda kichuguu anaiona Kahama nzima. Nchi gani hiyo?"

"Na yako? Maji tu, kama beseni."

"Beseni? Ngoja nikueleze mawimbi ya hapa!"

Akaeleza wee, mimi nachochea tu asikate simu akaenda ziwani. Mara nikasikia mabati yanalia kwake, watu wanapiga kelele wavute mitumbwi nchi kavu. Simu ikakatika.

Roho yangu ikawa juu saa nzima. Alipopiga, nilisikia anatafuna.

"Umenikosesha dagaa, domo wewe. Nakula ugali kwa mlenda."

Mlenda! Sijawahi kufurahi hivi kwa mlenda wa mtu mwingine.