Keria ya Kadzo

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika, lakini matone bado yanadondoka kutoka mabati ya kibanda changu. Tangu asubuhi sijafungua hata nati moja ya mteja.

Leo nimekwenda kumwona Kadzo. Nilikuwa nikiahirisha tangu Jumanne, siku aliyoanguka.

Wacha niandike yote. Labda nitapumua.

Kadzo anapika mahamri na mbaazi hapa hapa Timbwani, na kila asubuhi huwapelekea wajenzi na watu wa gereji kwa baiskeli. Miaka yote alikuwa na ile nyeusi ya zamani: kreti la mahamri nyuma, sufuria ya mbaazi kwenye keria ya mbele. Mwaka huu fremu ikakatika pahali pasipochomeleka. Kakake, anayefanya kazi hotelini Bamburi, akamletea nyengine, ya kupandia milima, yenye matairi mapana. Miguu inayoshika gurudumu la mbele ina springi ndani. Ukigonga shimo inabonyea, kisha inarudi. Kadzo akafurahi kama aliyepata gari.

"Fundi Salim," akaniambia, "nifungie keria ya mbele, iwe kama ile ya kwanza."

Nikamjibu, "Hiyo kazi ndogo."

Haikuwa ndogo, na nilijua.

Keria ya mbele ina vyuma viwili vinavyoshuka mpaka kwenye ekseli, na juu inafungwa kwenye usukani. Kwa baiskeli nyeusi haina shida, kwa sababu kati ya ekseli na usukani hapana kitu kinachosogea. Kwa hii ya springi, kila shimo gurudumu linapanda, usukani unashuka, na keria iko katikati inaminywa. Niliubonyeza usukani kwa mikono yangu miwili siku ile ile, nikaviona vyuma vinapinda. Nikanyamaza. Nikampa baiskeli yake.

Baada ya siku tatu akarudi, keria imelalia upande. Nikamwambia vyuma vilikuwa vyembamba. Nikaweka nondo nene, nikachomelea huku na huku, nikaipanda mwenyewe bila mzigo mpaka msikitini na kurudi. Ikashika. Nikajifanya nimeamini.

Kwa nini sikusema sijui? Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Wateja wengine huniita daktari. Kuuliza pia kulinishinda, maana mafundi wote wa karibu nimewafundisha mwenyewe.

Ni kuona haya tu. Sina sababu nyengine.

Jumanne Kadzo alikuwa akiteremka upande wa feri, akapita kwenye tuta. Springi zilitaka kubonyea, nondo zangu zikazuia. Palipoachia ni pale nilipochomelea. Keria ikaanguka mbele, kipande cha chuma kikaingia kwenye spoki, gurudumu likaganda, na Kadzo akaruka juu ya usukani. Mbaazi za moto zikamwagika barabarani, nashukuru hazikummwagikia. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika.

Huo ndio mkono wa kukandia unga.

Asubuhi nilimkuta amekaa kibarazani, plasta imefika karibu na kiwiko. Mamake alikuwa kando, anakanda yeye, pole pole, akipumzika kila baada ya muda. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa.

"Shikamoo, fundi," akasema Kadzo.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nishapoa. Baiskeli iko uani. Ichukue unifungie tena, mkono ukipona niikute tayari."

Wallahi, heri angenitukana.

"Kadzo," nikasema, "nilijua haitashika. Tangu mara ya kwanza. Sikuwa na njia ya kuifunga, nikaona haya kukwambia."

Mamake akaacha kukanda. Kadzo akanitazama, kisha akautazama ule mkono wake.

"Kwani ungeniambia hujui, ningekufanya nini?" akasema. "Si ningebeba mbaazi kichwani nikatafuta mtu mwengine?"

Mamake akanikaribisha chai kwa sauti isiyokaribisha. Nikaaga, nikaikokota baiskeli mpaka hapa kibandani.

Nimeipindua, nimeitazama mpaka macho yakauma. Nadhani keria ingefaa ifungwe chini pekee, kwenye sehemu inayopanda pamoja na gurudumu, isiguse usukani kabisa. Lakini sehemu hiyo haina hata tundu moja la bolti, na si chuma cha kuchomelea. Ukiipiga moto itayeyuka. Nifunge kwa mikanda? Na ikiteleza mzigo ukiwa juu? Nitoe springi zote niweke miguu migumu? Miguu niliyo nayo haina pa kufungia breki za sahani, zile zinazobana kisahani katikati ya gurudumu, kama zake.

Kila njia ninayoifikiria, naiona inafika kwenye lile tuta.

Na hata nikipata dawa ya keria, sina dawa ya mkono. Wajenzi watakula kwa mwengine wiki hizi zote, na mtu akizoea mahamri ya pengine, kurudi si lazima.

Saa kumi akaja bwana mmoja anayepeleka mitungi ya gesi majumbani. Baiskeli yake mpya, ya springi, sawasawa na ya Kadzo. Anataka keria ya mbele.

"Siwezi," nikamwambia. "Sijui njia iliyo salama. Kuna mtu ameumia kwa kazi yangu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mteja neno hilo. Nilidhani ningejisikia mwepesi.

Akacheka. "Basi umezeeka, mzee." Akavuka barabara, akaenda kwa Juma, aliyejifunza kazi hapa kwangu.

Nikamfuata. Nikamweleza Juma kila kitu: springi, vyuma, tuta, mkono wa Kadzo. Akanisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, kama alivyokuwa akinisikiliza zamani. Nilipomaliza akasema, "Nimekuelewa, mwalimu. Wacha niijaribu. Ikikataa, atarudi."

Yule bwana alikuwa ameshautua chini mtungi aliokuja nao, baiskeli ifungwe keria.

Sasa hivi cheche za Juma naziona kutoka hapa nilipokaa. Nimesimama mara mbili nivuke tena, na mara mbili nimekaa. Nitamwambia nini ambacho sijamwambia?