Mfuko wa Pili Mlangoni

Mpwa wangu mpenzi Rivka,

Kosa la wengi wanaogawa chakula cha Sabato ni kudhani kwamba kumheshimu mtu ni kutoonana naye. Barua hii naituma kwa simu kwa kuwa posta itachelewa. Magoti yananisumbua, na theluji ya Brooklyn haijayeyuka, hivyo siwezi kutoka mwenyewe.

Desturi yetu unaijua: kila Jumatano na Ijumaa unatundika mfuko kwenye kitasa cha mlango, unabonyeza kengele, unaondoka upesi ili mwenye shida asione aibu. Ndivyo jumuiya yetu ya Kiyahudi ilivyomhudumia bibi Zinaida wa jengo la pili, aliyekimbia vita Kharkiv, Ukraine. Ijumaa iliyopita Yosef, mgawaji wetu, aliukuta mfuko wa Jumatano ungali unaning'inia. Akatundika wa pili kando yake, kisha akaja kwangu.

"Nadhani ameenda kwa bintiye," akaniambia.

"Binti gani, wewe? Bintiye amezikwa Kharkiv!"

Msimamizi wa jengo alitufungulia. Zinaida alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka.

Hospitalini alinishika mkono. "Niliwasikia, Naum. Niliita. Vijana wenu wana adabu kweli, wanakimbia kama wezi!" Akacheka kidogo. Tumemzika jana.

Sasa wewe umeniambia asubuhi hii kwamba mfuko wa mzee Beniamin uko palepale ulipouacha, nawe hukutaka kumwaibisha. Afadhali aaibike. Nenda leo, gonga mlango wake, na usiondoke mpaka umwone.

Mjomba wako,
Naum