Tabo Kubwa, Pampu Ileile

Mdogo wangu,

Baba amelala. Saa nane mtilie dawa, tone moja kila jicho. Usimwachie ajitilie mwenyewe, nusu inaishia shavuni.

Gari usiliguse barabarani. Asubuhi nilipompeleka kliniki, tulipoanza kupanda kilima injini iligonga kama kopo lenye kokoto. Nikaondoa mguu, tukajikongoja. Baba akauliza, "Ndiyo hiyo nguvu mpya?" Nikasema ndiyo.

Umefunga tabo kubwa ya kusukumia hewa kwenye injini, ukaacha pampu na nozeli za mafuta zilezile. Hewa imeongezeka, mafuta hayakuongezeka. Injini ikikosa mafuta namna hiyo hupata joto hadi pistoni zinatoboka. Nilikuambia, ukanicheka: "Dada, nimeshalijaribu, linaruka!" Ulilijaribu peke yako, kwenye tambarare, bila kukanyaga mpaka mwisho. Hapo pampu inatosha. Kilimani na abiria, haitoshi.

~~Ufunguo uko kwenye droo.~~ Ufunguo ninao mimi. Kufungua tabo hakuhitaji ufunguo wa gari.

Rudisha tabo ile ya zamani kabla ya Ijumaa. Upasuaji wa baba ni siku hiyo, saa mbili kamili. Akichelewa anapangiwa mwezi ujao, na daktari amesema jicho la kushoto halina mwezi wa kusubiri.

Nilitaka kukodi teksi. Lakini baba ameshamwambia nesi kwamba Ijumaa ataletwa na mwanawe, kwa gari alilolitengeneza mwenyewe. Alisema kwa sauti, chumba kizima kikasikia. Sikumsahihisha.

Dada yako